Taa Chini ya Tepu

Taa yenyewe ilikuwa ya njano, na picha yake kigari kidogo kinachoacha nyuma mistari miwili iliyopinda kama njia ya nyoka mchangani. Iliwaka wiki ya pili tangu ninunue gari langu la kwanza, gari dogo kutoka Japani ambalo watu nisiowajua walikuwa wamelitumia miaka tisa kabla yangu. Pembeni yake iliwaka nyingine iliyoandikwa ABS. Nikaenda kwa fundi.

"Dada, hizo taa zisikuumize kichwa," alisema, mikono yake ikiwa bado ndani ya injini ya gari la mtu mwingine. "Gari linawaka, linatembea, breki zinashika. Unataka nini tena?"

Nilimwambia nataka zizime. Akanieleza kwamba kutafuta tatizo kungechukua siku nzima na kwamba kifaa chenyewe, kama kingepatikana, kingekuwa cha bei. Kuzizima lilikuwa jambo la nusu saa. Kwa shilingi elfu kumi alifungua dashibodi, akabandika vipande viwili vya tepu nyeusi ya umeme nyuma ya zile alama, akafunga. Niliwasha gari. Dashibodi ilikuwa safi kama ya gari jipya. Nilimshukuru, tena kwa moyo.

Miezi minne baadaye nilikuwa nampeleka mama Iringa kwenye msiba. Barabara kuu ya kutoka Morogoro inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na kwa urefu wote huo wanyama huvuka wanapotaka. Mabango ya kupunguza mwendo yapo. Niliyaona. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili na nusu jioni, manyunyu yalikuwa yameanza baada ya wiki nyingi za ukame, ule wakati ambao vumbi na mafuta yaliyoganda juu ya lami hugeuka utelezi. Nilikuwa na haraka ya kuvuka hifadhi kabla ya giza, na mshale ulikuwa umepita 80.

Swala alitokea kushoto. Nilipiga usukani kulia, nikaingia upande wa magari yanayokuja. Kwa rehema ya Mungu hakukuwa na gari. Nikaurudisha usukani kushoto haraka, na hapo ndipo gari lilipoacha kunisikiliza. Mkia ulitoka kulia, pua ikageukia porini, na kwenye kioo cha mbele nikaona nyasi, kisha lami, kisha nyasi tena. Tulisimama tukiwa tumeelekea Morogoro, tulikotoka, magurudumu mawili yakiwa nje ya lami. Swala alikuwa ameshakwenda zake.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mikono miwili. Baada ya muda akauliza taratibu, "Mwanangu, hili gari lako lina nini?"

Sikumjibu. Nilikuwa natazama mahali kwenye dashibodi ambapo palipaswa kuwa na taa.

*

Mimi ni mwalimu wa historia. Kitu kikinitisha, tabia yangu ni kutafuta kilianzia wapi. Basi niliporudi Dar es Salaam nilianza kusoma kuhusu kile kigari chenye mistari miwili. Jina lake kamili ni mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti wa gari. Watengenezaji hawakukubaliana kuuita jina moja: Mercedes-Benz na Volkswagen wanauita ESP, Toyota VSC, BMW DSC, Honda VSA. Mafundi wetu huuita "hiyo taa ya kuteleza", na kwa kweli jina hilo linaeleza zaidi kuliko herufi zote hizo.

Kuuelewa mfumo huu lazima uanze chini kabisa, kwenye tairi. Sehemu ya tairi inayogusa barabara kwa wakati wowote haizidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne ndivyo vinavyolibeba gari, ndivyo vinavyolisukuma, vinavyolisimamisha na vinavyolikatisha kona. Na kila kiganja kina mshiko wenye mpaka. Ni kama mshahara: ukiumaliza wote kwenye kodi ya nyumba, hakuna kinachobaki cha chakula. Tairi lililotumia mshiko wake wote kufunga breki halina cha kukatia kona. Ndiyo maana gari lililokanyagwa breki hadi magurudumu yakajifunga huteleza moja kwa moja hata ukizungusha usukani mpaka mwisho.

Tatizo hilo la kwanza lilipata dawa mwaka 1978, pale Bosch na Mercedes-Benz walipoanza kuuza ABS ya kielektroniki kwenye magari makubwa ya kifahari ya S-Class. ABS huisikiliza kasi ya kila gurudumu, na gurudumu likitaka kujifunga huliachia breki kidogo na kuishika tena, mara nyingi kwa sekunde moja, ili libakiwe na mshiko wa kukatia kona. Hilo lilisaidia sana wakati wa kufunga breki. Lakini ajali nyingi mbaya huanza bila breki kuguswa. Dereva anaingia kona kwa kasi, au anakwepa kitu, na gari linafanya moja ya mambo mawili. Ama pua inakataa kona na kwenda moja kwa moja, ama mkia unaipita pua. Mimi Mikumi nilipata la pili.

Dawa ya tatizo hili, kwa simulizi ya wahandisi wenyewe, ilizaliwa mtaroni. Februari 1989 mhandisi kijana wa Mercedes aitwaye Frank-Werner Mohn alikuwa Sweden kwenye majaribio ya majira ya baridi. Gari lake likateleza juu ya barafu na kutumbukia kando ya barabara. Wakati anasubiri kuvutwa alijiuliza swali ambalo naona aibu kwamba mimi sikujiuliza kando ya barabara ya Mikumi: kompyuta ya ABS inajua kasi ya kila gurudumu, na inaweza kufunga na kuachia breki. Je, ingeweza pia kujua kwamba gari linazunguka, na kufanya jambo?

Kilichokosekana kilikuwa kifaa cha kupima mzunguko huo, yaani gari linajigeuza kwa kasi gani kama mtu anayezunguka kwa kisigino. Kifaa cha kwanza walichojaribu kilitoka kwenye helikopta ya kuchezea watoto. Kilionyesha kwamba wazo linawezekana, lakini kilikuwa kizito wa kujibu. Inasimuliwa kwamba kilichofuata kilitoka kwenye kombora la Scud. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu sebuleni. Kifaa kilichotengenezwa ili kombora lisipotee njia kilipelekwa kwenye gari ili dereva asipotee yeye.

Wakati huohuo, ndani ya Bosch, Mholanzi mmoja aitwaye Anton van Zanten alikuwa amekaa miaka mingi juu ya swali hilohilo kwa njia ya hesabu. Mwaka 1992 kampuni hizo mbili ziliamua kuacha kwenda kila moja peke yake zikaunganisha nguvu, na mwaka 1995 mfumo ukaanza kuuzwa kwenye Mercedes S 600 ya milango miwili. Mwaka huohuo Toyota nao waliweka mfumo wao kwenye Crown Majesta. Yote mawili yalikuwa magari ya watu wenye fedha. Van Zanten alikuja kupewa tuzo ya Ulaya ya wavumbuzi, ya kazi ya maisha yake yote, mwaka 2016.

Ndani ya gari mfumo hufanya kazi hivi. Kihisi kimoja, au sensa kama tunavyosema gereji, kipo kwenye usukani na kinajua umeuzungusha kiasi gani. Vingine vinne vipo kwenye magurudumu. Kingine kinapima mzunguko wa gari, na kingine kinapima jinsi linavyosukumwa pembeni. Kompyuta inalinganisha mambo mawili: dereva anataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi. Kwa maelezo ya Bosch, ulinganisho huo hufanyika mara 25 kila sekunde. Majibu yakifanana, haigusi kitu. Yakitofautiana, inapunguza nguvu ya injini na kufunga breki ya gurudumu moja tu.

Gurudumu moja. Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Aliyewahi kupanda mtumbwi anajua kwamba ukichomeka kafi majini upande mmoja na kulishikilia, mtumbwi mzima hugeukia upande huo. Breki ya gurudumu moja ni kafi hilo. Pua ikikataa kona, kompyuta hufunga gurudumu la nyuma la upande wa ndani wa kona, na gari huvutwa kuingia. Mkia ukitaka kupita, hufunga gurudumu la mbele la upande wa nje, na mkia hurudi. Kwenye gari langu lingekuwa gurudumu la mbele kulia. Mimi nina pedali moja ya breki, na pedali hiyo hufunga magurudumu yote manne kwa pamoja. Hata ningekuwa dereva wa mashindano, kufunga gurudumu la mbele kulia peke yake ni jambo ambalo mguu wangu usingeweza.

*

Kuna dhana ambayo nimeisikia tangu utotoni, hasa kwa wanaume wa familia yetu, kwamba vifaa vya namna hii ni vya madereva wasiojua. Dereva wa kweli huhisi gari kwa makalio yake, na kompyuta inamfunga mikono. Dhana hiyo si ya kwetu tu, na ina ukweli ndani yake. Mfumo ukiingilia kati, gari hupungua mwendo. Kwenye uwanja wa mashindano, dereva hodari anayetaka mkia uteleze kidogo ili ageuze gari upesi atakasirishwa na kompyuta inayomkatia nguvu kila mara. Breki zinazofungwa na kufunguliwa kila kona huchoka na kupata joto. Ndiyo maana magari mengi yana kitufe cha kuuzima.

Lakini historia ina kichekesho chake. Mwaka 1997 timu ya McLaren kwenye mashindano ya Formula 1 iliongeza pedali ya pili ya breki kwenye magari yake. Pedali hiyo ilifunga gurudumu moja la nyuma peke yake, ili kulisaidia gari kuingia kona bila pua kukataa. Siri ilifichuka kwa sababu mpiga picha aliona diski ya breki ikiwaka nyekundu mahali ambapo hakuna dereva mwenye sababu ya kufunga breki. Magari ya McLaren yalipokwama kwenye mbio za Nürburgring mwezi Septemba, alipiga picha ya sehemu ya miguu ya dereva, na pedali ya ziada ikaonekana. Mwanzoni mwa msimu wa 1998 wapinzani walilalamika, na pedali ikapigwa marufuku.

Haikupigwa marufuku kwa kuwa iliwapunguzia mwendo. Wapinzani hawalalamikii kinachokuchelewesha. Wazo lilelile la kuligeuza gari kwa breki ya gurudumu moja, ambalo wajomba zangu wanaliona kuwa gongo la kutembelea, lilikuwa faida kiasi cha kukatazwa kwenye mashindano makubwa kuliko yote. Siku hizi magari mengi ya kasi hulitumia kwa makusudi: yanagusa breki ya gurudumu la ndani kidogo sana, kabla hata ya kuteleza, ili yaingie kona vizuri zaidi. Tofauti iliyobaki ni nani anayeikanyaga breki hiyo, mguu au kompyuta.

Na majira hayohayo ya mwaka 1997, mwezi mmoja hivi baada ya picha ile, likatokea jambo lililoutoa mfumo huu kwenye magari ya matajiri.

*

Sweden ina mnyama aitwaye elki. Ni wa jamii ya kulungu lakini ana ukubwa wa farasi, na dume anaweza kuzidi kilo 500. Miguu yake ni mirefu kiasi kwamba gari dogo likimgonga hukata miguu, na mwili mzima huja juu ya boneti na kuingia kupitia kioo cha mbele. Hutoka msituni ghafla, hasa jioni na alfajiri. Kwa hiyo gazeti la magari la Sweden liitwalo Teknikens Värld lilikuwa na desturi ya kulipima kila gari jipya kwa jaribio moja: unakwenda kasi, unapiga usukani kwenda upande wa pili wa barabara kama unayemkwepa elki, kisha unarudi upande wako mara moja usije ukagongana na anayekuja. Breki haiguswi.

Niliposoma maelezo hayo niliweka simu chini. Ukibadilisha elki ukaweka swala, na ukageuza kulia kuwa kushoto kwa kuwa sisi tunaendesha upande mwingine, hayo ndiyo niliyoyafanya Mikumi, hatua kwa hatua.

Tarehe 21 Oktoba 1997 mwandishi wa gazeti hilo, Robert Collin, aliipeleka kwenye jaribio Mercedes A-Class. Gari hili lilikuwa jambo jipya. Kampuni iliyozoea kuuza magari makubwa ilikuwa imetengeneza gari dogo la familia, fupi kuliko mita 3.6, lenye sakafu ya matabaka mawili ili ajali ya mbele ikitokea injini iteleze chini ya abiria badala ya kuwaponda. Lilikuwa limefikiriwa sana kwa usalama wa kugongana. Lakini sakafu ile iliwainua abiria juu, na gari fupi na jembamba lenye uzito juu ni kama mama aliyebeba ndoo kichwani: akienda taratibu hamwagi tone, ila usimwambie aruke kando ghafla. Kwa mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa, A-Class ilipinduka.

Habari ilienea Ulaya nzima. Wajerumani walipata neno jipya, "jaribio la elki", ambalo mpaka leo wanalitumia kwa mtihani wowote mgumu unaomkuta mtu asiyejiandaa. Kejeli iliyouma zaidi ilikuwa ile ya kuonyesha Trabant, kile kigari cha enzi za Ujerumani Mashariki ambacho kila mtu alikicheka, kikipita jaribio lilelile bila kupinduka. Mwanzoni kampuni ililichukua jambo hili kijuujuu. Kisha ikatangaza kwamba itabadilisha matairi na kufunga ESP. Mwezi Novemba ikasimamisha kabisa kuwakabidhi wateja magari hayo kwa wiki 12, ikayashusha chini, ikayapanua, ikabadili springi na shokapu, na ESP ikawekwa kwenye kila moja bila mteja kulipia zaidi. Hata magari yaliyokwishauzwa yalirudishwa kurekebishwa. Gharama ilitajwa kuwa takriban marki milioni 300.

Hapo ndipo historia ya kifaa hiki ilipogeuka. Miaka miwili tu baada ya kuanza kuuzwa kama anasa ya gari la bei ya nyumba, kilikuwa kwenye gari dogo la familia, tena bure. Kilishushwa huko na aibu. Mercedes ikakiweka kwenye magari yake yote madogo mwaka 1999. Baada ya hapo ingekuwa vigumu kwa mtengenezaji mwingine kumweleza mama mwenye watoto wawili kwa nini gari lake halistahili kuwa nacho. Audi ilipata somo lake muda mfupi baadaye. Gari lake la michezo, TT, lililokuwa halina ESP, lilipata ajali mbaya kwenye barabara za kasi za Ujerumani, na watu wakafa. Kampuni ikayaita magari yarudi, ikayaongezea ESP na bawa dogo nyuma la kuukandamiza mkia.

Kisha zikaja takwimu. Mwaka 2003 watafiti wa Sweden walilinganisha ajali za magari yenye mfumo na yasiyo nao, wakakuta kwamba kwa jumla mfumo ulipunguza ajali za watu kuumia kwa takriban asilimia 22, na kwenye lami yenye maji kwa takriban 32. Juu ya barafu na theluji ilikuwa takriban 38. Watafiti wa Toyota, kwa ajali za Japani, walikuta ajali za gari moja peke yake zimepungua kwa takriban asilimia 35. Wahandisi wachache sana wamewahi kuona namba kama hizo kutokana na kifaa kimoja. Marekani, ambako magari marefu ya familia yalikuwa yakipinduka na kuua, serikali ilikadiria kwamba magari yote yakiwa nao, mfumo ungeokoa maisha ya watu kati ya 5,300 na 9,600 kila mwaka. Aprili 2007 ikapitisha sheria, na kuanzia matoleo ya 2012 kila gari jipya dogo likalazimika kuwa nao. Umoja wa Ulaya ulianza na miundo mipya Novemba 2011 na magari mapya yote Novemba 2014. Japani nayo ilianza na miundo mipya mwaka 2012.

Na Japani ikipitisha sheria ya magari, hiyo ni habari ya Dar es Salaam pia, ila hufika ikiwa imechelewa miaka minane au kumi, ndani ya meli.

*

Nikirudi kwenye gari langu: nilikuwa nalo. Hilo ndilo lililoniuma. Mhandisi aliyetumbukia mtaroni, kombora la Scud, gari lililopinduka Sweden, watafiti waliohesabu ajali moja moja, wabunge waliopiga kura. Vyote hivyo vilikuwa vimefika mpaka kwenye gari langu dogo, vimelipiwa na mtu mwingine, nami nikalipa elfu kumi vifunikwe tepu.

Nilimtafuta fundi wa umeme mwenye mashine ya kusoma makosa. Alichomeka waya chini ya usukani, akasubiri, akanionyesha: kihisi cha kasi, gurudumu la nyuma kushoto. Akapandisha gari, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akatoa waya mwembamba uliokatika. Mtu aliyebadilisha shokapu, huenda kabla sijalinunua, aliuvuta akauacha unaning'inia, ukajisugua mpaka ukakatika. Gurudumu moja likiwa kimya, kompyuta haina cha kulinganisha. ABS na mfumo wa uthabiti vyote hujitoa kazini na kuwasha taa ili kukuarifu kwamba kuanzia hapo uko peke yako.

Kihisi kilichotumika tulikipata Gerezani kwa bei ndogo kuliko mafuta ya safari ile ya Iringa.

"Nani alikuwekea hii tepu?" fundi aliuliza alipofungua dashibodi.

Nilimwambia ni mimi. Haikuwa uongo. Yule wa kwanza alishika mkasi tu.

Nilimuuliza kama mfumo ungelizuia gari lisizunguke siku ile. Alifikiri kwanza, jambo lililonifanya nimwamini. "Ungesaidia," alisema. "Lakini matairi yako haya, dada." Akapitisha kidole kwenye kashata za tairi la nyuma, ambazo zilikuwa zimebaki kama mistari ya kiganja. Kompyuta haiongezi mshiko. Inaugawa tu ule uliopo, na mimi nilikuwa nimeileta Mikumi ikiwa na kidogo sana cha kugawa: matairi yaliyoisha, lami yenye utelezi, mshale juu ya 80. Upo mwendo ambao hakuna breki ya gurudumu moja inayoweza kuurekebisha. Nikabadilisha matairi mawili mwezi huo na mawili uliofuata.

Tangu hapo nimejifunza pia kwamba kitufe cha kuuzima si cha wanaojigamba peke yao. Kijijini kwa mama, mvua ikinyesha, barabara ya mwisho ni udongo mwekundu. Magurudumu yakianza kuzunguka mahali pamoja, mfumo hukata nguvu ya injini, na gari hukwama likiwa linaunguruma kwa unyonge. Hapo nabonyeza kitufe, magurudumu yanazunguka, tope linaruka, tunatoka. Nikifika lami nakirudisha.

Taa hizo zina kazi nyingine ambayo sikuijua nilipolipia kuzifunika. Ukiwasha gari, zinapaswa kuwaka zote kwa sekunde chache na kisha kuzima. Ndivyo kompyuta inavyokuonyesha kwamba imejikagua na kwamba taa yenyewe nzima. Kwa miezi minne dashibodi yangu haikuwahi kuonyesha hata hizo sekunde chache, nami nilidhani ukimya ule ndio uzima. Sasa mtu akinunua gari la mtumba na kuniomba ushauri, namwambia awashe gari na atazame kama kile kigari kinawaka kisha kinazima. Kisipowaka kabisa, aulize.

Desemba nilimpeleka mama tena Iringa. Alikaa mbele, akafunga mkanda kabla sijamkumbusha, jambo ambalo hakuwa akilifanya zamani. Nikawasha gari. Taa za njano zikajaa kwenye dashibodi.

"Mwanangu, hiyo imewaka," alisema upesi.

"Subiri, mama."

Tulisubiri wote wawili tukiitazama, mpaka ikazima.